Maji, Moyo na Sukari: Historia ya Vita Dhidi ya Sumu ya Damu

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlio kambini na lindoni kutoka Kasese hadi Bwera, mto Nyamwamba mnaufahamu vizuri. Unashuka kutoka milima ya Rwenzori, unapita Kilembe penye mgodi wa shaba, unaukata mji wa Kasese, kisha unaelekea ziwa George. Maji hayo ni uhai wa watu wengi. Lakini tarehe 1 Mei 2013 mto huo huo ulifurika, ukabeba mawe na nyumba, ukaingia hata katika hospitali ya Kilembe. Mwezi Mei 2020 ukarudi tena, na hospitali hiyo ikaharibiwa mara ya pili. Maji ni uhai, lakini yakizidi kipimo, au yakija kwa kasi kuliko mkondo unavyoweza kubeba, huua.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu fundisho hilo hilo, ila si katika bonde la mto, bali ndani ya mwili wa binadamu. Ni historia ya maradhi ambayo wananchi huyaita sumu ya damu, na ambayo waganga huyaita sepsisi. Ni maradhi yanayomhusu askari kuliko watu wengi, kwa kuwa askari hujeruhiwa, huishi na wenzake kwa wingi, na mara nyingi huwa mbali na hospitali.

Yafaa kwanza tueleze sepsisi ni nini. Vijidudu huingia mwilini kupitia jeraha, mapafu, tumbo au njia ya mkojo. Mwili hujitetea, na hilo ni jambo jema. Lakini wakati mwingine utetezi huo huvuka mpaka, ukaanza kuharibu mwili wenyewe. Mishipa ya damu hulegea na kuvuja. Shinikizo la damu hushuka. Moyo hupiga mbio lakini kila pigo ni dhaifu. Figo huacha kufanya kazi, fahamu hupotea, na mgonjwa asipotibiwa upesi hufa. Wataalamu waliokadiria hali ya dunia kwa mwaka 1 tu, yaani 2017, walipata wagonjwa wapatao milioni 49 na vifo milioni 11. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, na karibu nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Wazee wetu waliotumikia katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 hapa Afrika Mashariki walijua kwamba maradhi yaliua askari na wapagazi wengi kuliko risasi. Huko Ulaya, katika vita hivyo hivyo, waganga wa kijeshi walishughulika sana na majeruhi ambao jeraha lilikwisha fungwa, lakini damu ilikataa kuzunguka na mtu akafa. Dawa waliyoitegemea ilikuwa kutia maji ya chumvi na namna nyingine za maji katika mshipa. Wazo hilo halikuwa jipya. Mwaka 1832 daktari Thomas Latta wa Scotland aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mishipani, na baadhi ya waliokuwa wakikata roho wakaamka.

Tangu hapo dripu ikawa ishara ya matibabu yenyewe. Hata leo, jamaa akifika hospitalini na kuona mgonjwa wake hana dripu, huuliza kwa hasira kama kweli anatibiwa. Kwa mtu aliyekaushwa na kuharisha, imani hiyo ina msingi. Lakini je, kwa mgonjwa wa sepsisi ambaye hakupoteza maji, bali damu yake imeshindwa kuzunguka? Katika nchi tajiri waganga walifundishwa kumtia maji mengi kwa haraka, na kanuni hiyo ikaenea duniani. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa ameipima kwa uchunguzi mkubwa.

Kipimo hicho kilifanyika hapa kwetu. Kuanzia Januari 2009 hadi Januari 2011, hospitali 6 za Afrika Mashariki zilishiriki katika uchunguzi ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi. Hospitali 4 zilikuwa za Uganda: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Nyingine zilikuwa Kilifi nchini Kenya na Teule, Muheza, nchini Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kushindwa kuzunguka waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilitiwa maji ya chumvi kwa haraka, la pili likatiwa albumini, na la tatu halikupewa maji ya haraka. Wote walipewa dawa za kuua vijidudu, dawa za malaria, oksijeni na damu kadiri walivyohitaji. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa.

Wengi walitazamia kuona maji yakiokoa watoto. Matokeo yalikuwa kinyume. Katika saa 48 za kwanza, asilimia 7.3 ya watoto wasiotiwa maji ya haraka walikufa, lakini katika makundi mawili yaliyotiwa maji walikufa asilimia 10.5 na 10.6. Maana yake ni kwamba katika kila watoto 100 waliotiwa maji, zaidi ya 3 walipotea ambao pengine wangalipona. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, na mwaka 2011 dunia nzima ikapata habari hiyo.

Palikuwa na wapinzani, na hoja zao hazikuwa za kupuuzwa. Walisema kwamba watoto wengi walikuwa na malaria na upungufu wa damu, na kwamba hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia. Lakini mwaka 2017 waganga walitangaza uchunguzi mwingine kutoka Lusaka, Zambia, safari hii wa watu wazima wenye sepsisi na shinikizo la chini, ambao wengi wao walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI. Katika kundi lililotibiwa kwa utaratibu wa kutia maji mapema na kwa wingi, asilimia 48 walifia hospitalini. Katika kundi lililopata matibabu ya kawaida walikufa asilimia 33. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha rekebisha mwongozo wake wa watoto, likashauri maji yatolewe kwa uangalifu na kwa mwendo wa polepole zaidi.

Sasa likazuka swali kubwa. Watoto wale walikufa kwa nini? Wengi walidhani kwamba mapafu yalijaa maji. Watafiti waliporudia kumbukumbu za kila kifo, walitangaza mwaka 2013 kwamba vifo vilivyozidi vilitokana hasa na moyo na mishipa kushindwa kazi. Basi adui alikuwa amejificha katika moyo wenyewe, na dripu peke yake isingemfikia.

Hapo, ndugu wasikilizaji, ndipo historia hii inapokutana na jambo dogo sana, dogo kuliko kijidudu chochote. Mwaka 1984, huko Baltimore nchini Marekani, Carmen-Rosa Torres na Gerald Hart walikuwa wakichunguza chembe nyeupe za damu ya panya. Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba sukari zinazoshikamana na protini hukaa nje ya chembe hai. Wao wakakuta sukari ndogo moja, jamaa wa glukosi, imeshikamana na protini zilizo ndani. Baadaye ilijulikana kwamba sukari hiyo huwekwa na kimeng'enya kimoja na kuondolewa na kingine, na kwamba maelfu ya protini huguswa nayo. Inapowekwa, protini hubadili kazi yake. Inapoondolewa, hurudia hali ya kwanza. Ni kama amri inayotolewa na kufutwa ndani ya kikosi, mara nyingi kwa siku.

Moyo nao huongozwa na amri hizo. Kwa mtu mwenye kisukari, glukosi huwa nyingi siku zote, na ile sukari ndogo hubaki juu ya protini kupita kiasi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hali hiyo huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Lakini katika saa ya hatari ya ghafula mambo hugeuka. Chembe hai ikipigwa na joto, sumu au ukosefu wa oksijeni, huongeza sukari hiyo upesi, na ongezeko hilo huisaidia kustahimili. Watafiti wa Nantes, Ufaransa, waliwapa panya wachanga wenye maradhi ya namna ya sepsisi dawa inayozuia sukari hiyo isiondolewe. Dawa ilipotolewa mapema, moyo ulifanya kazi vizuri zaidi na panya wengi zaidi wakaishi.

Askari ataelewa jambo hili bila shida. Hali ya tahadhari ikitangazwa adui anaposhambulia, huokoa kambi. Ikiachwa iendelee mwaka mzima bila kupumzika, huwachosha askari na kuivunja kambi ile ile.

Hata hivyo ni wajibu wetu kusema wazi kwamba hiyo bado si dawa ya binadamu. Panya si mtu. Dawa nyingi zilizowaponya panya wenye sepsisi zilishindwa zilipofika kwa wagonjwa. Na ikiwa siku moja dawa hii itajaribiwa, historia ya mwaka 2011 inatuamuru tudai ipimwe pia hapa, kwa watu wetu na kwa maradhi yetu.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Chukueni mfano ulio jirani. Mwaka 1949 madaktari Lehmann na Raper waliandika kwamba kati ya Baamba, wanaoishi upande wa pili wa Rwenzori, zaidi ya watu 4 katika kila 10 walikuwa na chembechembe za urithi za selimundu. Leo kipimo kimoja kinachotumika sana kwa kisukari hutazama sukari iliyoganda juu ya himoglobini, na mwaka 2017 ilionekana Marekani kwamba kwa watu wenye urithi huo kipimo hicho huweza kuonyesha kiasi kidogo kuliko ukweli. Kipimo kilichotengenezwa kwa damu ya watu wengine chaweza kumwambia mtu wa Rwenzori kwamba ni mzima, kumbe ni mgonjwa.

Tena, maradhi hayangoji maabara. Mwezi Juni 2019 Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo, mgonjwa wa kwanza, mtoto wa miaka 5, alithibitishwa na kufariki katika hospitali ya Bwera. Wauguzi wa wilaya na askari wa mpakani walikuwa mstari wa mbele.

Basi fundisho kwa kila kikosi na kila kituo cha polisi ni hili. Jeraha lisafishwe mara moja, hata likiwa dogo. Mwenzako akiwa na homa, akahema mbio, akachanganyikiwa, mikono ikawa ya baridi, au mkojo ukapungua, usimwambie avumilie mpaka zamu iishe. Mpeleke hospitali saa ile ile, maana dawa ya kuua vijidudu ikichelewa, nafasi ya kupona hupungua. Mganga akisema mgonjwa huyu asitiwe dripu ya haraka, msimwone kuwa mchoyo. Huenda anafuata elimu iliyopatikana Mbale, Soroti, Lacor na Mulago kwa gharama kubwa. Na mwenye kuharisha na kutapika anywe maji yenye chumvi na sukari bila kungoja, kwa kuwa huyo maji anayahitaji.

Uhodari wa askari haupimwi kwa kuficha maumivu. Watoto 3,141 na wazazi wao, wengi wao wananchi wa kawaida wa nchi hizi tatu, waliirekebisha elimu ya dunia nzima. Heshima tunayoweza kuwapa ni kuitumia elimu hiyo, kambini na nyumbani, kabla mto haujafurika.