Utafiti wa mvuto na mapenzi: mwanafunzi, dodoso na sampuli

Utafiti wa mvuto na mahusiano ya kimapenzi ni tawi la saikolojia ya jamii linalochunguza nani humvutia nani, na kwa nini uchumba mmoja hudumu na mwingine huvunjika. Tawi hili limelelewa vyuoni. Mwaka 1966 Elaine Walster na wenzake walitoa matokeo ya dansi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Minnesota: wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliambiwa kompyuta imewatafutia wenzi wa kuwafaa, kumbe waligawanywa kwa bahati nasibu, ila tu mwanamume asizidiwe kimo. Kilichowafanya watamani kuonana tena kilikuwa sura. Matokeo hayo yanafundishwa mpaka leo, japo ni ya vijana wa rika moja, katika usiku mmoja wa muziki. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayegawa dodoso kwa wenzake wa bwenini anarithi kasoro ileile.

Akitoka bweni hadi standi ya Msamvu mjini Morogoro, zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, atawapata mama lishe, utingo na muuza ndizi aliyeshuka kutoka Uluguru. Hapo si watu tu wanaobadilika. Swali nalo halikai vilevile. Mwaka 1970 Zick Rubin alitunga vipimo viwili, kimoja cha kuvutiwa na mtu kirafiki na kingine cha penzi, na Kiingereza kina vitenzi viwili kwa hayo, like na love. Sisi tuna kupenda: mtu anapenda dagaa, anampenda jirani, anampenda mkewe. Dodoso likitafsiriwa neno kwa neno, vipimo viwili vinageuka kimoja. Tena Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa jadi mjomba ana kauli katika ndoa. Anayeulizwa kama alijichagulia mchumba huenda akajibu ndiyo, wakati habari yenyewe iko kwa mjomba na mshenga.

Wapo wanaosema penzi ni lilelile popote. Ni kweli kwamba mwaka 1992 Jankowiak na Fischer waliona dalili zake katika jamii 147 kati ya 166. Lakini kuwapo kwa hisia hakusemi kinachoiamsha. Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Frank Marlowe na mwenzake walionyesha wanaume michoro ya wanawake kwa mbele, wakaona kiuno chembamba hakiwashughulishi, wanapenda mwili mnene. Picha zilipokuwa za ubavuni, mwaka 2005, umbo la kiuno na makalio likawa na uzito wake. Jamii ilikuwa ileile. Kilichogeuka ni picha.

Pingamizi la nauli na muda lina haki zaidi, maana mwanafunzi hana mfuko wa utafiti. Basi kichwa cha kazi yake kiseme wazi kuwa ni mapenzi ya wanafunzi, si ya Watanzania. Hata Msamvu ina mtego wake: abiria mwenye jicho moja kwenye begi na sikio kwa mpiga debe atatia tiki "nakubaliana sana" kuanzia juu hadi chini ili aachwe. Afadhali kukaa na mama lishe wakati wateja wamepungua, saa tisa alasiri.