Je, Kubadili Rangi ya Barabara Kutaipoza Dunia?

Barabara haikuzaliwa nyeusi. Mwanzoni mwa karne ya 19, John Loudon McAdam, Mskoti aliyesimamia barabara nchini Uingereza, alizijenga kwa tabaka za mawe yaliyovunjwavunjwa, yakabanwa na uzito wa magurudumu, bila tone la lami. Rangi ya barabara ilikuwa rangi ya jiwe lenyewe. Barabara hizo ziliwatosha farasi na mikokoteni. Yalipokuja magari ya mota, vumbi likawa kero kwa kila aliyeishi kando ya njia.

Mwaka 1902, daktari Ernest Guglielminetti alijaribu huko Monaco kupaka barabara lami ya makaa ya mawe ili kulituliza vumbi hilo. Mwaka huohuo, Edgar Purnell Hooley alipata hataza Uingereza kwa njia yake ya kuchanganya lami na kokoto. Baadaye lami itokanayo na mafuta ya petroli ilichukua nafasi ya ile ya makaa. Kwa hiyo weusi wa barabara ni alama ya kihistoria: makaa na mafuta yaliyoendesha viwanda na magari ndiyo pia yaliyotandikwa chini ya magurudumu. Anayeuliza leo kama barabara nyeupe zitapunguza ongezeko la joto duniani anauliza, kwa kweli, kama tunaweza kufuta alama hiyo na kuacha chanzo chake kikiendelea.

Kwamba mji una joto kuliko shamba si habari mpya. Luke Howard, mkemia wa London, alichapisha kati ya 1818 na 1820 vipimo vyake vya hali ya hewa, akaonyesha kuwa jiji lilikuwa na joto zaidi kuliko vijiji vilivyolizunguka, hasa usiku. Lami ilikuja kuongeza uzito katika mizani hiyo. Lami mpya huakisi takriban asilimia 5 hadi 10 tu ya mwanga wa jua. Inayobaki huifyonza mchana na kuitoa kama joto hata baada ya jua kuzama. Zege jipya huakisi hata asilimia 35 au 40. Muda hupunguza tofauti hiyo, kwani lami hupauka na zege huchafuka.

Mwaka 2009, Hashem Akbari, Surabi Menon na Arthur Rosenfeld walilipeleka jambo hili kutoka mjini hadi kwenye sayari nzima. Walikadiria kuwa kung'arisha mapaa na barabara za miji ya dunia kungelingana na kufidia tani bilioni 44 za hewa ukaa: bilioni 24 kutokana na mapaa, bilioni 20 kutokana na barabara. Mwaka huohuo Steven Chu, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia aliyekuwa Waziri wa Nishati wa Marekani, aliitetea hoja hiyo jijini London. Alisema kuwa faida yake ingekuwa kama kuyaondoa magari yote duniani barabarani kwa miaka 11.

Hesabu hiyo yahitaji kusomwa kwa makini. Tani bilioni 20 ni fidia ya mara moja. Dunia kwa sasa hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ukaa kila mwaka kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Maana yake ni kwamba barabara zote za mijini, zikishang'arishwa, zingefidia uchafuzi usiofikia mwaka mmoja. Mwaka unaofuata deni lingeendelea kukua kama kawaida. Tena rangi hupauka, na kuirudia kwahitaji viwanda, malori na nishati. Watafiti wa California walipopima maisha yote ya barabara za namna hii, kuanzia kiwandani, walikuta kuwa kwa baadhi ya malighafi, uzalishaji wake hutoa hewa ukaa nyingi kuliko ile inayookolewa.

Halafu kuna swali la mwanadamu anayepita juu ya barabara hiyo. Jiji la Phoenix, Arizona, lilianza majaribio mwaka 2020, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kikayapima. Uso wa barabara ulipoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi wakati wa adhuhuri na alasiri. Hewa ya usiku ilipoa kwa chini ya nusu ya nyuzi moja. Lakini mionzi ya joto iliyomfikia mtu aliyesimama juani adhuhuri iliongezeka kwa takriban nyuzi 3, kwa sababu mwanga ulioakisiwa ulimrudia yeye.

Hapo ndipo suala hili linapotuhusu. Katika miji yetu, wengi walioko barabarani wanatembea kwa miguu, wanasubiri daladala, wanaendesha bodaboda au wanauza bidhaa kando ya njia. Barabara ikipoa kwa kumrudishia mchuuzi jua usoni, tumemhamishia mzigo asiyeuchuma. Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu walipaka kuta chokaa, lakini pia waliziacha njia ziwe nyembamba ili nyumba zimpe kivuli mpita njia. Kuakisi jua bila kumpa mtu kivuli ni kuichukua nusu tu ya maarifa hayo.

Jibu langu, basi, ni hili. Rangi nyepesi inaweza kusaidia, hasa kwenye mapaa, ambako mwanga ulioakisiwa hurudi angani bila kumpitia mtu, na kwenye viwanja vya maegesho visivyo na watembea kwa miguu wengi. Ofisa anayeandaa bajeti ya barabara aweke miti kabla ya rangi, na apime joto kwenye kimo cha mtu, si kwenye uso wa lami pekee. Mwanaharakati naye awaulize wanaoahidi kuipoza dunia kwa ndoo za rangi: mafuta mtaacha lini kuyachoma? Pasipo jibu la swali hilo, barabara nyeupe itakuwa njia nzuri ya kupitishia moshi uleule.