Zege

Katika migahawa ya Sumbawanga mjini, chipsi zilizoshikanishwa kwa mayai huagizwa kwa neno moja: zege. Nimelila jioni ya Julai, limetoka tu kikaangoni, kachumbari juu yake. Sijui chakula cha haraka kinachoifaa zaidi baridi ya Ufipa, uwanda wa juu uliopita mita 1,700 kutoka usawa wa bahari.

Neno limetoka kwa mafundi ujenzi. Kokoto na mchanga havina umoja mpaka saruji na maji viingie. Kikaangoni viazi ndivyo kokoto, yai ndilo saruji. Aliyelibuni jina hili alikuwa na jicho kali. "Chipsi mayai" nayo ni sahihi, na muundo huo wa nomino mbili bila kiunganishi (wali maharage, ugali samaki) naupenda sana. Ukisema "chipsi na mayai" unaweza kuletewa yai la kuchemsha pembeni. Lakini zege linataja kile hasa kilichotokea jikoni.

Mafundi husema zege halilali: likishachanganywa limwagwe siku hiyohiyo. Mezani ni vivyo hivyo, kwani likipoa yai hukaza na viazi hulegea.

Ombi langu ni la ngeli. Wengi husema "zege hii imeiva". Msemo wa mafundi umeshatuonyesha njia: neno hili ni la LI-YA, sawa na yai lenyewe. Zege hili limeiva; niongezee jingine.