Violesura Viwili Vilivyotosha

Kazi yangu ni kufundisha vijana kuandika programu. Tukifika kwenye somo la kugeuza modeli, huwa naanza na SiTra, chombo kidogo kilichotoka mwaka 2006, wakati vipo vikubwa zaidi na vyenye sifa zaidi. Nina sababu, na sababu yenyewe imo katika historia ya fani hii.

Mwaka 1997 shirika la viwango la Object Management Group, kwa kifupi OMG, lilipitisha UML, lugha ya michoro inayoeleza mfumo kabla haujaandikwa. Haikuchukua miaka mingi likaja na dai zito zaidi: mchoro, yaani modeli ya mfumo, usiishie kuwa pambo la ripoti, bali kompyuta iusome, iugeuze kuwa modeli nyingine, na hatimaye itoe programu. Swali likawa ugeuzaji huo uandikwe kwa lugha gani. Mwaka 2002 OMG iliita mapendekezo ya lugha ya pamoja, iliyokuja kuitwa QVT. Toleo lake rasmi la kwanza lilitoka 2008, likiwa na lugha tatu ndani yake.

Katika kipindi hicho watafiti hawakukaa kusubiri. Huko Nantes, Ufaransa, Jean Bézivin, Frédéric Jouault na wenzao waliunda ATL, lugha ya kugeuza modeli ambayo ilipata makao ndani ya Eclipse, mazingira ya kuandikia programu, na bado inatumika. Mwaka 2005, kwenye warsha iliyofanyika Montego Bay, Jamaica, wenye vyombo mbalimbali walipewa zoezi moja la lazima: geuza mchoro wa klasi uwe majedwali ya hifadhidata. Fani ilikuwa imechangamka kweli. Ila mgeni aliyetaka kuingia alikutana na mlima. Kabla hajageuza chochote ilibidi ajifunze lugha mpya ya kanuni, mara nyingi pamoja na OCL ya kuulizia modeli, tena na mazingira mapya ya kufanyia kazi.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Genoa, Italia, David Akehurst, Behzad Bordbar na wenzao walileta SiTra. Haikuwa lugha mpya. Ilikuwa violesura viwili vya Java, kimoja cha kanuni na kingine cha kigeuzi, pamoja na utekelezaji mfupi wa kuviendesha. Aliyejua Java alikuwa tayari ana sehemu kubwa ya alichohitaji.

Tazama inavyofanya kazi. Mchoro wa duka una klasi mbili, Mteja na Oda. Mteja ana oda zake, na kila oda inamtaja mteja wake. Kanuni ya SiTra ina hatua tatu. Ya kwanza huuliza kama kitu kilicholetwa kinaihusu. Ya pili hujenga jedwali tupu. Ya tatu hujaza safu na kuliunganisha jedwali hilo na mengine. Kama kujenga na kujaza vingefanywa kwa pamoja, Mteja angeita Oda, Oda ingemwita Mteja, na programu ingezunguka bila kikomo. Kwa kuwa jedwali tupu la Mteja limeshajengwa na kigeuzi kinalikumbuka, Oda ikiliomba hupewa lile lile, na kazi inaendelea.

Hapo ndipo mwanafunzi anapokamata kiini cha fani. ATL nayo huumba kwanza vitu vyote inavyolenga, kisha ndipo huvijaza, na huweka kumbukumbu ya kipi kimetokana na kipi. Tofauti ni kwamba ATL hufanya hayo ndani kwa ndani. Kijana aliyeyaona kwenye SiTra akihamia ATL anajua kinachoendelea chini ya kanuni zake, na kosa likitokea anajua pa kuanzia kutafuta.

SiTra ina mipaka yake. Anayetaka uhusiano mmoja kati ya modeli mbili usomeke kwa kwenda na kwa kurudi ataupata katika QVT. Kwa SiTra ataandika kanuni za kila upande. Kwa mradi mkubwa ningemshauri mtu atumie chombo kingine. Hata hivyo, historia ya fani hii husimuliwa zaidi kwa viwango na kamati, na naona simulizi hiyo ina pengo. Viwango vilitupa makubaliano. Vyombo vyepesi vilitupa watu wanaoweza kuyatumia, na bila watu hao kiwango hubaki waraka tu.