Kivuli, Ukimya na Kifo: Chanzo cha Mvuto wa Mchezo wa Limbo (2010)

Mchezo wa video wa Limbo ulitolewa Julai 2010 na Playdead, kampuni ndogo ya Copenhagen, Denmark, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Arnt Jensen na Dino Patti. Mvulana anamtafuta dada yake msituni. Anakimbia, anaruka na kusukuma vitu. Picha ni nyeusi, nyeupe na kijivu, na hakuna mazungumzo.

Ni rahisi kuuhusisha mvuto wake na mandhari hiyo ya kinjozi pekee. Hata hivyo, nguvu ya Limbo inatokana na kuifungamanisha mandhari na vitendo. Giza linaloogofya ndilo linaloficha mitego. Na mtego uliomuua mvulana humfunza mchezaji namna ya kumkata buibui mkubwa mguu. Kifo kinakuwa mwalimu. Lakini funzo hilo lina gharama, kwa kuwa mtoto huyo huuawa kwa kosa la mchezaji mwenyewe. Mwishoni mvulana anamkuta msichana, na mchezo unakatika bila maelezo. Kinachobaki kwa mchezaji, basi, si jibu bali ni kumbukumbu ya vifo alivyovisababisha ili kufika hapo.