Miriam Makeba na Tuzo za Ugenini

Katika historia ya muziki wa Afrika, mwaka 1966 una mahali pake. Tarehe 15 Machi ya mwaka huo, chama cha watu wa kazi ya santuri nchini Marekani kiliitunukia tuzo ya Grammy santuri iitwayo An Evening with Belafonte/Makeba. Kwa tuzo hiyo Miriam Makeba anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata heshima ya namna hiyo. Habari hii imerudiwa mara nyingi, na kila mara husimuliwa kama habari ya ushindi. Sisi twaona yafaa kuuliza jambo jingine: waliotoa tuzo hiyo walituza nini hasa?

Jibu hapana budi litafutwe kwanza katika santuri yenyewe. Ilitolewa mwaka 1965, ina nyimbo 12, na ndani yake mnasikika Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kiswahili. Harry Belafonte, mwimbaji Mmarekani mweusi aliyekwisha pata Grammy kabla ya hapo, aimba zake, na Makeba aimba zake. Ni mara chache tu wanapoimba pamoja. Tuuchukue wimbo Ndodemnyama. Mtunzi wake ni Vuyisile Mini, kiongozi wa wafanyakazi kutoka Port Elizabeth, na ni onyo kwa Verwoerd, waziri mkuu wa Makaburu. Mini alinyongwa mjini Pretoria tarehe 6 Novemba 1964, na yasimuliwa kwamba alikiendea kitanzi akiimba. Tuuchukue na Khawuleza, wa Dorothy Masuka, mtunzi ambaye tangu mwaka 1961 aliishi uhamishoni. Huo ni wimbo wa mtoto wa mitaa ya Waafrika anayemhimiza mamaye afanye haraka, kwa kuwa polisi wanakuja. Nongqongqo nao unawataja kwa majina Luthuli, Sobukwe, Sisulu na Mandela. Na Mandela na Sisulu walikuwa wamehukumiwa kifungo cha maisha mwezi Juni 1964.

Basi santuri hiyo iliingizwa katika fungu gani la tuzo? Iliingizwa katika fungu la nyimbo za jadi. Hapo ndipo penye neno. Wimbo wa jadi ni ule uliorithiwa, ambao mtunzi wake hajulikani tena, na ambao wazee wamewapokeza vijana. Nyimbo tulizozitaja zilikuwa na watunzi wenye majina, mmoja wao akiwa kaburini kwa muda usiotimia miezi 17 siku ya tuzo. Zilikuwa mpya kama magazeti ya asubuhi. Hata Malaika, walioimba Belafonte na Makeba kwa pamoja, si wimbo wa ngomani wa kale. Ni wimbo wa mapenzi wa bendi za Afrika Mashariki, uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambao wengine humtaja Adam Salim kuwa ndiye mtunzi wake. Watu wanaogombea haki ya utunzi hawagombei jadi! Lakini kwa msikilizaji asiyejua lugha hata moja kati ya hizo, yote yalikuwa sauti nzuri kutoka mbali, na sauti nzuri kutoka mbali ilikuwa na sanduku lake.

Hatusemi kwamba tuzo haikuwa na maana. Kwa Makeba ilikuwa na maana kubwa, kwani kwao alikuwa amekwisha fungiwa mlango. Alizaliwa Johannesburg tarehe 4 Machi 1932, akatoka nchini mwaka 1959, na mwaka 1960 mama yake alipofariki hakuruhusiwa kurudi kumzika. Tarehe 16 Julai 1963 alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa akatoa ushahidi dhidi ya ubaguzi wa rangi. Makaburu wakamjibu kwa kupiga marufuku santuri zake. Hivyo nyimbo zilizotuzwa New York ni zile zile zilizokuwa hatia mjini Pretoria.

Mwaka 1967 wimbo wake Pata Pata ulifika nafasi ya 12 katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Marekani. Mwenyewe hakuuona kuwa wimbo wa maana. Ni wimbo wa kucheza tu, aliourekodi kwa mara ya kwanza nyumbani katika miaka ya 1950. Mwaka uliofuata aliolewa na Stokely Carmichael, mpigania haki za watu weusi. Mara mikataba ikavunjwa, maonyesho yakafutwa, na Grammy yake haikumkinga kwa lolote. Akahamia Guinea, akakaa huko kwa takriban miaka 15, akahutubia Umoja wa Mataifa kwa niaba ya nchi hiyo. Tunathubutu kusema kwamba soko la santuri lilikuwa limempenda maadamu halikuelewa aliyokuwa akiyaimba.

Tuzo zilizofuata zilikuwa za namna nyingine. Mwaka 1986 alipewa tuzo ya amani yenye jina la Dag Hammarskjöld. Alirudi kwao mwezi Juni 1990. Santuri yake Homeland, ya mwaka 2000, ilipendekezwa kwa Grammy katika fungu la muziki wa dunia, sanduku jingine lenye jina jipya, lakini aliyeshinda ni João Gilberto wa Brazil.

Mwaka 2002, mjini Stockholm, Mfalme wa Sweden alimkabidhi tuzo ya Polar. Tuzo hiyo haina mafungu. Hutolewa kwa jina la mtu na kazi yake yote. Mwenziwe wa mwaka huo alikuwa Sofia Gubaidulina, mtunzi wa muziki kutoka Urusi, ambaye naye mwaka 1979 alikemewa hadharani na chama cha watunzi cha nchi yake kwa sababu ya muziki aliouandika.