Kufufua Si Kuhifadhi: Mashine ya Kale na Mikono ya Fundi

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliivuka Rwanda kutoka mashariki, akaonana na Mwami Kigeri wa Nne Rwabugiri, kisha akafika Ziwa Kivu upande huu wa kaskazini, ulipo leo mji wetu wa Gisenyi. Yapata miaka ishirini baadaye jina lake lilipewa meli ya Ziwa Tanganyika. Katika insha hii nitaeleza kwa nini historia ya meli hiyo inawahusu maseremala wa Rubavu ambao karakana zao bado zina mashine za kale.

Meli Graf von Götzen iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikafika Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Iliteremshwa majini Februari 1915. Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walioijenga walizipaka injini grisi nzito, kwa matumaini kwamba siku moja itaibuliwa. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kukuta mitambo yake bado inafaa. Mei 1927 ilianza safari kwa jina jipya la Liemba.

Funzo la kwanza ni hili: kutu ndiyo inayoua mashine, si umri. Chuma kilichopakwa grisi kilistahimili miaka kadhaa chini ya ziwa, ilhali mashine ya kuranda iliyoachwa wazi kwenye unyevu wa Kivu huharibika ikiwa nchi kavu.

Funzo la pili ni kwamba mashine nyingi za zamani zilitengenezwa ili ziweze kutengenezwa tena. Mwaka 1839 Mmarekani Isaac Babbitt alipata hataza ya beringi iliyotandazwa madini laini ndani yake, hasa bati lililochanganywa na shaba na antimoni. Beringi ya namna hiyo ikilika, fundi huyeyusha madini mapya na kuyamimina kuizunguka shafti, kisha huyakwangua hadi shafti izunguke bila kukwama. Hahitaji kusubiri kipuri kutoka ng'ambo. Ndiyo maana si busara kuharakisha kumuuzia mashine hiyo mnunuzi wa chuma chakavu, anayelipa kwa kilo.

Hata hivyo, kuna sehemu ambayo haifai kurudishwa ilivyokuwa. Katika karakana moja ninayoifahamu hapa Gisenyi ipo mashine ya kuranda ya zamani ambayo mhimili wa visu vyake ni wa pembe nne. Mzee mwenye karakana anataka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Vijana wake ndio watakaosukuma mbao za mikaratusi kwa mikono. Hapo ndipo ninapotofautiana naye, kwa heshima zote.

Mhimili wa pembe nne unapozunguka huacha pengo pana kati ya visu na meza. Ubao ukiruka, mkono huingia katika pengo hilo, na vidole hukatwa, pengine kiganja kizima. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulibuniwa mhimili wa mviringo unaoliziba pengo hilo, kisu kikichomoza kidogo tu. Ajali haziishi, lakini jeraha huwa dogo zaidi. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1922, ilipiga marufuku kuranda kwa kusukuma mbao kwa mikono juu ya mhimili usio wa mviringo. Kwa hiyo mzee anayetaka kuirudisha mashine yake ilivyokuwa anarudisha pia kitu ambacho wenzetu walikikataa miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Huenda mtu akasema kwamba mashine ikibadilishwa si ile tena. Namjibu kwa Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli, na wasafiri wa Kigoma hawakuacha kuiita Liemba. Kama ingebaki na kila kilichotoka Papenburg, pengine leo ingekuwa kitu cha kutazamwa tu.

Jumba la makumbusho lina haki ya kuhifadhi kila kitu kilivyokuwa, kwa sababu huko hakuna anayeiwasha mashine. Karakanani mashine inafufuliwa ili mtu aishike kila siku. Mwili wa chuma, meza na beringi za kumimina vibaki, maana vimethibitisha ubora wake. Mhimili wa pembe nne utolewe, uchongwe wa mviringo, na mkanda ufunikwe. Gharama yake ni kubwa kwa karakana ndogo, lakini kijana anayejifunza useremala hana mtaji mwingine zaidi ya vidole vyake kumi.